Mvunjiko wa Kabla ya Jumapili

Alhamisi saa tatu asubuhi Inspekta alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya chumba cha eksirei, bahasha ya kaki mapajani, akimsubiri mtu mmoja amalize kuwaambia watu wasipumue.

Mtu huyo ndiye mpiga picha wa hospitali, na hospitali nzima ilimwita Usipumue. Ukija na kifua, anakwambia usipumue. Hiyo ni haki yake, kifua hakitaki kutikisika. Lakini hata ukija na goti, kidole au kisigino, bado atachungulia kwenye kile kijidirisha cha kioo akuamrishe usipumue, na watu kwa adabu zao wanabana pumzi mpaka macho yanawatoka. Alikuwa na miaka ishirini na sita ndani ya chumba hicho kisicho na dirisha la nje. Alikula humo, akasoma magazeti humo, na wambea wa hospitali walisema kwamba hata kwake nyumbani hakuwa na wa kumwambia apumue wala asipumue.

Inspekta hakuwa na haraka ya kuonekana. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na tisa, mkavu wa maneno, mwenye tabia moja iliyowachosha wenzake: alipenda kumuuliza mtu swali lilelile siku tatu tofauti. Kesi aliyoishika kituoni waliiona imekwisha kabla haijaanza, wakamwambia asipoteze muda. Akachukua bahasha yake akaondoka.

Na kweli, kwa kuitazama juujuu, kesi ilikuwa nyepesi. Jumapili, saa nane mchana, mzee mmoja anayetengeneza saa, ambaye mtaa mzima unamwita Fundi Saa, alipiga ukelele dukani kwake. Mama wa duka la nyuzi, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, akaingia mbio. Alimkuta mzee amepiga magoti, na mpwa wake, mtoto wa marehemu dada yake, amemshika mkono wa kulia. Mama wa nyuzi akampeleka mzee hospitali. Daktari wa zamu akamuuliza nani kamfanyia hivyo, mzee akajibu kuwa ni mpwa wake. Picha ikapigwa, mfupa ukaonekana umevunjika juu kidogo ya kifundo cha mkono, mzee akafungwa plasta, mpwa akafungwa mahabusu. Kesho Ijumaa angesimama mbele ya hakimu.

Mpwa alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na moja, fundi wa kuchomelea vyuma. Alipata kazi ya miaka miwili kwenye ujenzi wa daraja, safari ya siku nzima kutoka mjini, na alitakiwa kuripoti Jumamosi asubuhi. Basi la huko huondoka Jumatatu na Alhamisi, saa tisa alasiri. La Jumatatu lilikuwa limekwenda na kiti chake kitupu. La leo likimwacha, kazi anapewa mwingine. Siku nne hizo alihojiwa na watu watatu, na wote aliwajibu sentensi ileile: "Nilimpa mkono wa kwaheri tu, afande."

Hiyo ndiyo iliyomkera Inspekta. Mtu mwongo, akipewa siku nne, hutafuta uongo wenye sura nzuri zaidi ya huo.

Mgonjwa wa mwisho alipotoka, Inspekta aliingia na moja kwa moja akaenda kwenye jambo lililomnyima raha tangu jana. Rejesta ya eksirei ilisema picha ya Fundi Saa imepigwa saa kumi na dakika tano. Fomu ya daktari ya kuomba hiyo picha iliandikwa saa kumi na robo. Picha ilitanguliaje fomu? Alikuwa ameshajenga nyumba nzima kichwani: bahasha zimebadilishwa, mfupa huu ni wa mtu mwingine, kuna mkono wa mtu. Usipumue alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akainua kidole kuelekea saa ya ukutani.

"Ile iko nyuma dakika kumi na mbili," alisema. "Rejesta naandika kwa kuitazama hiyohiyo. Nimewaandikia barua waipeleke kwa fundi, huu mwaka wa pili."

Nyumba ya Inspekta ikaporomoka tofali kwa tofali. Ukiongeza dakika kumi na mbili, picha ilipigwa saa kumi na dakika kumi na saba, na kila kitu kikakaa mahali pake. Alijisikia mjinga, na kwa kuwa hakupenda hali hiyo, aliitoa picha kwenye bahasha ili mikono ipate kazi. Akaipachika kwenye kisanduku cha taa.

Mifupa ya mkono ikajitokeza, myeupe, imejipanga. Kwenye kona ya juu palibandikwa kidoa chekundu cha karatasi, duara kama kifungo cha shati. Inspekta aliinamisha kichwa. Pembeni ya kidoa hicho palikuwa na duara jingine la ukubwa uleule, lisilo na rangi, la gundi iliyoshika vumbi.

"Hiki chekundu ni nini?"

"Doa. Mimi napiga, madaktari wanasoma. Siruhusiwi kusema nilichokiona, lakini nikiona kitu nabandika doa, daktari ajue pa kutulia."

"Na hapa palikuwa na nini?"

Usipumue alivua miwani, akaifuta kwa koti, akaivaa tena.

"Palikuwa na doa la pili," alisema.

Kisha, taratibu, kama mtu ambaye ulimi wake umezoea amri moja tu, akaeleza. Zamani palikuwa na daktari mmoja, mzee, aliyekaa chumba cha pili. Wao wawili walipatana: doa moja maana yake kuna kitu, madoa mawili maana yake kitu kilichopo hakifanani na maneno ya kwenye fomu. Akiona madoa mawili, yule daktari aligonga ukuta mara mbili, akaja na kikombe chake cha chai, wakasimama mbele ya taa wakabishana. Mwaka jana alistaafu akaenda kulima. Aliyekuja badala yake ni kijana mzuri, mchapakazi, ana mikono myepesi na foleni ndefu. Hakuna aliyemwambia habari ya madoa mawili, kwa sababu mapatano yenyewe hayakuwahi kuandikwa popote. Alidhani la pili limenasa kwa bahati mbaya, akawa analibandua.

"Umebandika mawili mara ngapi tangu yule mzee aondoke?"

"Kumi na moja."

"Na ukuta umegongwa mara ngapi?"

"Haujagongwa."

"Kwa nini hukwenda kumwambia?"

"Hajaniuliza," alisema Usipumue, na sauti yake ilikuwa na uchungu wa mtu aliyejiandalia jibu hilo mwaka mzima. Inspekta alimwonea huruma na akamkasirikia kwa wakati mmoja, maana kwa ajili ya ukimya huo mtu mwingine alikuwa amelala siku nne kwenye sakafu ya saruji.

"Mimi nakuuliza," alisema. "Hakifanani nini na nini?"

Usipumue akasogea kwenye taa, na hapo mtu mwingine kabisa akatoka ndani yake. Akachukua kalamu, akaonyesha bila kugusa. Fomu imesema ameumia leo. Haya, mfupa uliovunjika leo kingo zake ni kali, kama sahani iliyopasuka. Tazama hizi, zimelainika, kama donge la sukari lililolambwa. Tazama na hapa pembeni ya mfupa, upande wa kidole gumba, kuna ukungu mweupe. Huo ni mfupa mpya, mwili unajiziba wenyewe, na mwili hauzibi kwa saa mbili. Kisha nyama: mkono uliovunjika leo unaumuka, kivuli cha nyama kinakuwa kinene, huu ni mwembamba. Na mifupa hii ya kiganja imepauka, maana mkono umekaa muda bila kazi. Akatoa kwenye bahasha picha ya pili, iliyopigwa ubavuni, akaonyesha jinsi ncha ya mfupa ilivyoinama nyuma, kuelekea mgongo wa mkono.

"Hivi ndivyo mtu anavyovunjika akianguka mbele akajikinga kwa kiganja. Huyu alianguka. Na hakuanguka Jumapili."

"Lini?"

"Si chini ya wiki mbili kabla. Mimi ningesema tatu. Lakini mimi napiga tu."

Inspekta alihitaji wa kusoma, mwenye sahihi. Walizituma picha kwa bingwa wa picha katika hospitali kubwa, na saa nne na nusu bingwa akapiga simu. Aliuliza maswali mawili tu, umri wa mgonjwa na kama amewahi kuvunjika kabla, akasema ataweka sahihi: kati ya wiki mbili na nne. Akaongeza jambo ambalo Inspekta hakuliuliza. Mfupa ule ulikuwa unaungana ukiwa umepinda, na ukiachwa hivyo mzee hatashika tena kitu chembamba kwa vidole vile. Plasta ifunguliwe, picha mpya ipigwe leoleo, na mgonjwa akubali mfupa utenganishwe upya na utiwe chuma. Ndugu wa karibu aje aweke sahihi na mgonjwa.

Inspekta alipokuwa mlangoni aligeuka, akagonga ukuta mara mbili kwa kifundo cha kidole.

Duka la Fundi Saa lilikuwa chumba kimoja chenye meza, kiti na ngazi fupi ya mbao. Inspekta alikuwa ameshaingia humo mara mbili wiki hiyo, na kila mara alikuwa amemtazama mzee. Safari hii alitazama meza. Mzee alifurahi kumwona, akamfutia kiti kwa mkono wa kushoto, akamuuliza kama amekunywa chai.

Saa za wateja zilining'inia kwenye msumari, kila moja na kadi yake iliyofungwa kwa uzi: tarehe na ugonjwa wa saa. Inspekta akazipanga mezani moja moja. Mpaka tarehe saba mwandiko ulikuwa mdogo, safi, umelalia kulia. Kuanzia tarehe nane herufi zilikuwa kubwa, zimepepesuka, zimelalia kushoto. Jumapili ya ukelele ilikuwa tarehe ishirini na nane. Na katika saa zote zilizopokelewa tangu tarehe nane, hakuna hata moja iliyofunguliwa mfuniko.

"Naomba simu yako, Fundi."

Ilikuwa simu ndogo ya vitufe. Alifungua orodha ya namba zilizopigwa. Jumatatu tarehe nane, kuanzia saa mbili na dakika kumi asubuhi, mpwa alipigiwa mara saba, zote hazikupokelewa. Kwenye simu ya kijana anayeongea sana, namba hizo zingekuwa zimeshafutwa na za baadaye. Hapa zilikuwepo bado, juu kabisa, kwa sababu baada yake mzee hakumpigia mtu yeyote. Inspekta alitoa simu yake mwenyewe kujua orodha kama hiyo hubeba namba ngapi, akakuta majina yote ni ya kituoni, akairudisha mfukoni.

"Ulianguka tarehe nane," alisema.

Mzee alikataa mara ya kwanza, na mara ya pili hakukataa kwa nguvu. Mara ya tatu aliitazama ile ngazi. Alikuwa anatundika saa ya mteja, akasema, mguu ukateleza. Alikaa chini sakafuni mpaka jua lilipofika mezani, mlango umefungwa, mama wa nyuzi hajafungua kwake. Alipiga simu saba. Baadaye akajifunga mwenyewe kwa rula mbili na mikanda ya saa, juu akavaa shati la mikono mirefu. Zilikuwa bado kwenye droo tangu alipozifungua Jumapili asubuhi, rula na mikanda, akazitoa akaziweka mezani kama mtu anayekabidhi kazi.

"Mpwa wako hakupiga tena?"

"Alipiga siku ya nne. Akaniuliza, mjomba, kulikuwa na jambo? Nikamwambia hakuna." Alisawazisha zile rula zikae sawasawa. "Siku nne, mwanangu. Mtu anakuuliza kuna jambo baada ya siku nne, utamwambia nini?"

Jumapili mpwa alikuja kuaga. Begi begani, hata kiti hakukalia. Akashika mkono wa mjomba wake, akaubana kwa mapenzi, kama mafundi chuma wanavyobana, na mzee akapiga ule ukelele uliosikika mpaka duka la tatu.

"Daktari akaniuliza nani kanifanyia hivi," alisema Fundi Saa. "Nikamtaja. Palepale nikajua nimesema uongo, nikasema nitasahihisha kesho. Kesho yake akaja askari, akakaa hapo ulipokaa, tukazungumza mpaka adhuhuri. Mama wa nyuzi akaniletea chai na mkate. Ukaja wewe, ukaja tena. Kila siku nikasema kesho."

"Angefungwa, Fundi."

"Najua. Ndiyo maana usingizi sina." Kisha akatoa lililobaki, na hakumtazama alipolisema. "Lakini alikuwa mjini. Amefungiwa, namlilia, lakini yuko mjini."

Inspekta alimweleza kwa upole kwamba kumsingizia mtu ni kosa, kwamba ataliandika kama lilivyo, na wakubwa wataamua. Mzee aliitikia kila neno. Akaweka sahihi kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa zinazopepesuka, na Inspekta akaambatanisha kadi moja ya saa kando yake ili anayesoma faili asihangaike. Akamwambia saa nane awe hospitali. Kuhusu sahihi ya ndugu wa karibu mzee aliuliza kama mama wa nyuzi anaweza kuhesabiwa ndugu, akaambiwa hapana.

Saa saba kamili mpwa alitolewa mahabusu. Alirudishiwa mkanda, begi na simu, na Inspekta akamsomea maelezo ya mjomba wake tangu mwanzo mpaka mwisho. Alitarajia hasira, na hasira ilikuja. Kijana alizunguka chumba, akasema amelala na mende siku nne kwa ajili ya mzee huyo, kwamba mwambieni nimesafiri, kwamba asinitafute tena. Inspekta alimwacha amalize. Kisha akamsukumia karatasi aliyonakili zile simu saba na saa zake. Mpwa akaifungua simu yake mwenyewe, akashuka nayo chini kwa kidole, chini, mpaka tarehe nane, akaacha kuzunguka.

"Nilidhani anataka kuongea tu," alisema.

Akachukua begi. Kutoka kituoni, kulia ni stendi, kushoto ni hospitali, na Inspekta, ambaye alikuwa na faili la kufunga, hakwenda dirishani kutazama ameshika njia gani. Alifunga faili. Ilimchukua muda zaidi ya ilivyostahili.

Saa nane na nusu alikuwa tena kwenye ukumbi wa eksirei, kupeleka nakala ya ripoti ya bingwa. Fundi Saa alikuwa peke yake kwenye benchi, plasta imefunguliwa, mkono mwembamba umelala pajani. Kutoka ndani ilisikika sauti ikimwambia mtu asipumue. Muuguzi alipita na fomu ya ridhaa, akauliza ndugu yuko wapi, mzee akasema anakuja. Muuguzi alipopita mara ya pili mzee alisema tena anakuja, na safari hii alitazama sakafu. Inspekta alisimama karibu na mlango, akijitafutia sababu ya kutoondoka.

Mpwa aliingia begi likiwa begani. Hakumwamkia mtu. Alikaa kwenye benchi lilelile, akaacha nafasi ya mtu mmoja kati yao, akaliweka begi hapo katikati. Walikaa hivyo, wawili wanaofanana pua na mabega, wanatazama mlango mmoja. Muuguzi akamletea kijana fomu. Aliisoma yote, akaweka sahihi, akairudisha.

Mlango ulipofunguliwa, saa ya ukutani ndani ya chumba cha eksirei ilionyesha saa tisa kasoro dakika ishirini na tano. Fundi Saa aliitazama, akailinganisha na saa ya mkono wake wa kushoto, na akashindwa kujizuia, maana ndiyo kazi yake.

"Basi lako ni saa tisa," alisema. "Na ile saa usiifuate, iko nyuma dakika kumi na mbili. Utachelewa."

Mpwa aliinua uso, akaitazama saa. Kisha akalichukua begi pale katikati, akaliweka chini sakafuni, miguuni pake.

"Naona iko nyuma, mjomba," alisema.